Pasipoti Zilizokwenda Msibani

Ndugu zangu, na hasa ninyi kina mama wenzangu mnaolala juu ya mali zenu, nipeni masikio kidogo. Habari hii siwaletei kutoka mbali. Ilitokea nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa hapa kisiwani kwetu Tongatapu, Tonga, na mkono wangu mwenyewe ulikuwemo. Nitakapofika hapo nitasema, maana anayewasimulia wenzake huku akijificha hana haya.

Jumapili ile kijiji kilikuwa kimetulia. Maduka yamefungwa, barabara haina gari, matanuri ya ardhini yameshafukuliwa na kila nyumba inakula. Nilikuwa nimealikwa kwa jirani yangu Fifita. Tulikaa mkekani wanne: mimi, Fifita, mkwe wake Kalolaine, na mjukuu Sela mwenye miaka sita. Tulikula majani ya magimbi yaliyopikwa na nyama ya kopo na tui zito, na viazi vikuu vilivyochomwa vizuri. Siosaia, mtoto wa Fifita na mume wa Kalolaine, alipiga simu kutoka Australia anakochuma matunda, tukampungia mikono yenye mafuta.

Sela alikuwa na moyo mgonjwa. Homa ya utotoni ilimharibia kilango kimoja cha moyo, na sasa akipanda ngazi tatu tu za kanisa husimama kutafuta pumzi huku midomo ikipauka. Madaktari walikuwa wamempatia kitanda huko Auckland na daktari wa kumpasua. Ndege yao ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mtoto alitakiwa awe kitandani ifikapo Alhamisi. Asipokuwepo, kitanda kinapewa mtoto mwingine, na yeye angoje miezi minne. Daktari wetu alimweleza Kalolaine kwa upole kwamba kwa moyo ule miezi minne ni mingi mno.

Basi Jumapili hiyo mchungaji alikuwa ameomba, kwaya ilikuwa imeimba, na Sela alikuwa akimwandaa mwanasesere wake kwa safari. Alikunja karatasi ikawa kijitabu, akachora humo uso wa yule mwanasesere, akatoboa tundu na kumvalisha shingoni kwa uzi. Nikamwuliza ni kitu gani. Akanijibu, bila kunitazama, kwamba ni pasipoti, na kwamba watu wazima hawajui kitu. Tulicheka sana. Laiti ningejua, nisingecheka.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kuwasaidia mizigo. Nilimkuta Kalolaine amepiga magoti, godoro limenyanyuliwa, na uso wake umebadilika.

Mnajua wenyewe vitanda vyetu. Chini ya godoro ndiko tunakoweka mikeka mizuri na ngatu, zile nguo za magome tunazoziponda kina mama kwa miezi na kuzipaka rangi ya kahawia. Ukiwa na kitu cha thamani usichotaka kikunjamane, unakisokomeza humo katikati ya mikunjo na kukilalia. Kalolaine alikuwa amezitia pasipoti mbili, yake na ya mtoto, ndani ya ngatu ambayo mama yake mzazi alimpondea alipoolewa. Akaenda hospitali na Sela kwa vipimo vya mwisho, wakalala huko tangu Jumanne hadi Jumamosi. Waliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, naye hakuwa na sababu ya kukichungulia.

"Mama," alimwambia Fifita, "ngatu yangu iko wapi?"

Fifita alikuwa akipiga pasi gauni la mtoto. Aliendelea kupiga pasi kola ile ile mpaka nikaogopa itaungua. Kisha akasema taratibu kwamba ngatu ilikwenda msibani.

Ni kweli ilikwenda. Juma lile shemeji yake Fifita, ndugu wa hayati mumewe, alikufa ghafla, akazikwa Alhamisi. Kwetu dada wa marehemu ndiye mkubwa wa msiba. Anakaa kichwani pa maiti, na kinachowekwa mbele yake ni chake, hakiulizwi, hakirudi. Dada huyo ni Pisila, wifi yake Fifita, mwanamke ambaye hata mchungaji akimwona anasimama wima. Fifita alikuwa na mikeka yake ya kutosha kabisa kutoa. Lakini alisikia kwamba nyumba ya jirani wanatoa ngatu ya hatua kumi na tano, na roho yake haikukubali apitwe. Akaingia chumbani kwa mkwe wake, akaivuta ngatu, akapachika mikeka chakavu mahali pake. Alinuia kumwambia baadaye, kisha akaona aibu, siku zikapita.

Sasa nisikieni mimi. Siku hiyo ya mazishi nilikuwa nimeishika ile ngatu mwisho mmoja, Fifita ameshika wa pili, tukiipeleka mbele ya watu. Mkono wangu ukagusa kitu kigumu, bapa, ndani ya mikunjo. Nikajiambia ni kipande cha boksi. Ukweli ni kwamba moyo ulishtuka kidogo. Lakini kusimamisha msafara na kuikung'uta zawadi mbele ya watu mia mbili ni kumpekua mtoaji, na ningesemwa mpaka nizeeke. Nikanyamaza, nikatabasamu, nikaendelea kutembea.

Nilimweleza Kalolaine hayo yote pale pale, nimesimama mlangoni na begi la mtoto. Aliendelea kupekua ile mikeka chakavu. Angenitukana ningepumua.

Fifita akasema twende tu uwanja wa ndege, kwani nani pale asiyetujua? Kisiwa chetu ni kidogo, tutaelewana. Akakusanya kila karatasi iliyokuwa ndani ya nyumba: barua ya mchungaji, kadi ya chanjo ya Sela, cheti cha ubatizo, kadi ya kupigia kura, hata picha ya harusi ikiwa ndani ya fremu yake. Tukaenda.

Binti wa kaunta alizitazama zile karatasi moja moja kwa heshima, kisha akaenda kumwita Viliami. Huyu ni kijana wa kijiji chetu, anaimba besi kwenye kwaya, na kazi yake ni kukagua pasipoti. Fifita alipomwona akafurahi kana kwamba mlango umeshafunguka.

"Viliami, waambie hawa. Wewe umezaliwa nyumbani kwangu, mama yako alishikwa na uchungu kwenye mkeka wangu."

"Najua, mama."

"Na huyu ni Kalolaine. Jana tu mmeimba benchi moja."

"Mama, mimi namjua Kalolaine. Auckland hawamjui. Kule anajulikana kwa kile kitabu, na viza yake inafuata namba ya kitabu hicho." Aliirudisha ile fremu kwa mikono miwili. "Hata mimi na sare hii, nisipokuwa nacho sivuki ule mstari."

Fifita akamwambia amekuwa mkubwa sasa, hawatambui waliomlea. Viliami alichuchumaa mbele ya Sela, akamtazama midomo, kisha akasimama na kusema kwa sauti ya chini kwamba ndege ya Jumatano asubuhi ina nafasi mbili, atawaomba wazishike. Pasipoti mpya haiwezi kupatikana kwa siku mbili, na viza ndiyo kabisa. "Ileteni hiyo ya zamani," alisema, "popote ilipo."

Tulisikia ndege ikiruka tukiwa njiani kurudi. Sela aliuliza kama ile ndiyo yake. Mama yake akamwambia yake bado inakuja.

Nyumbani nilimwambia Fifita twende kwa Pisila mara moja. Akakataa. Alisema bora afe kuliko kumfuata wifi yake kudai kitu kilichowekwa msibani, tena maiti hajamaliza juma kaburini. Tangu lini mtu wa kuolewa akarudi kwa dada wa mumewe na mkono wazi? Vizazi vyake vitachekwa. Alilia kweli, wala simsingizii. Aibu ya aina hiyo kwetu ni kitu kizito. Wakati analia, Sela alitoka uani amembeba mwanasesere wake, akafika katikati ya chumba, akaketi sakafuni kupumzika. Ilikuwa hatua kumi tu. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka haraka mno.

Nilikasirika, nakiri. "Fifita," nikamwambia, "ulipata nguvu ya kuitoa, utapata nguvu ya kuifuata. Ukikataa, nakwenda mimi, na nitasema kila kitu kwa mdomo wangu huu ambao unaujua."

Jumanne asubuhi alijifunga mwilini, kama desturi yetu, mkeka mkubwa wa maombolezo, ule uliochanika unaofika hadi masikioni, akaongozana na mimi na Kalolaine. Pisila alikuwa ameketi sebuleni kwake, mwembamba, amenyooka, na mkoba wake mapajani. Fifita hakupita mlangoni. Alikaa pale pale kizingitini, kichwa chini.

"Wifi," Pisila akasema, "miaka yote uliyoolewa kwetu hujakanyaga hapa bila kuitwa. Nani tena amekufa?"

"Bado hajafa," Fifita akajibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Akaeleza. Hakupunguza kitu, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Pisila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulinipa mali ya mkweo."

"Ndiyo."

"Yeye akiwa hospitali anauguza mjukuu wa kaka yangu."

"Ndiyo."

"Ili usemwe vizuri."

Kisha Pisila akasema kwamba basi wote wawili ni wajinga, kwa sababu yeye alipoipokea hata hakuikunjua. Alihesabu vifurushi akafurahi kuwa ni vingi kuliko vya msiba uliopita. Na ngatu haipo tena hapo. Mjukuu wake anaolewa Auckland, na tangu jana imeshonwa ndani ya gunia na kupelekwa bandarini. Kontena linafungwa leo saa sita mchana. Wakati huo ilikuwa saa nne na nusu. Pasipoti zilikuwa zimeanza safari, zimewaacha wenyewe.

Mwanamke yule wa miaka sabini alisimama haraka kuliko mimi. Akamwita mkwe wake wa kiume alete gari, akamwambia Kalolaine akae mbele naye, na sisi wawili tukapanda nyuma juu ya maboksi.

Bandarini gunia lilikuwa limeshapakiwa ndani kabisa, nyuma ya magodoro na mapipa ya viazi vikuu. Karani wa ghala alisema fomu zimeshagongwa muhuri na wapakiaji wamekwenda kunywa chai. Pisila akaomba kiti. Alipoletewa, akakibeba mwenyewe, akakiweka mdomoni mwa kontena, akaketi. Akamwambia karani kwamba yuko huru kulifunga wakati wowote, ila aandike kwenye fomu kwamba limeongezeka bibi mmoja. Wapakiaji walirudi wakicheka, wakaanza kutoa mapipa.

Gunia lilipofika nje, karani alijikuna kichwa. Kijana wa watu alikuwa amekwishaloa jasho. "Shangazi, samahani sana. Kila mtu anakujua. Lakini siwezi kumkabidhi mtu mzigo bila kuona kitambulisho."

Mimi na Fifita tulitazamana. Tulijua sasa kutawaka moto. Pisila akafungua mkoba wake, akatoa kadi iliyofungwa ndani ya leso safi, akampa.

"Usiombe samahani kwa kufanya kazi yako," alisema. "Itazame vizuri, na uso wangu uutazame. Wakija wezi wa magunia, nao watakuambia wanajulikana."

Fifita aligeuka, akaanza kuhangaika na uzi wa gunia. Jana yake tu alikuwa amemtupia Viliami picha ya harusi.

Tulikata uzi, tukaitandaza ngatu kwenye sementi ya ghala, wapakiaji wameshika pembeni. Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kalolaine alitembea kando yake viatu mkononi, midomo ikisali. Ilipobaki kama hatua mbili, vijitabu viwili vikateleza vikaangukia miguuni pake. Vilikuwa vimenyooka, vikavu, kimoja kimeshika doa la kahawia kwenye jalada. Akavifungua kurasa za picha: safi, hazina hata alama. Ndipo alipoketi chini na kulia, na sote tukalia, hata karani akageuka kutazama meli.

Ngatu haikurudi. Pisila alisema kilichowekwa msibani kimewekwa, na harusi ya mjukuu wake iko pale pale. Lakini aliomba mkasi, akakata kipande cha ukingoni chenye upana wa kiganja, akampa Fifita. "Wewe unajua kushona," alimwambia. "Yule mtoto mdogo alishakuonyesha mahali pasipoti inapokaa." Maana njiani Kalolaine alikuwa amemsimulia habari ya mwanasesere.

Jioni hiyo Fifita alishona mkoba mdogo wa kuning'iniza shingoni, akautia bitana na kifungo. Alipomaliza alimwita Kalolaine, akamvalisha mwenyewe, akamwambia mbele yangu: "Nilichukua kisicho changu, mwanangu. Nisamehe." Mimi nimeishi miaka mingi kati ya mama wakwe na wakwe zao, na maneno hayo nimeyasikia mara moja hiyo tu.

Jumatano tulikuwa uwanjani mapema kuliko wafanyakazi. Kaunta walipita. Kisha wakafika kwa Viliami, na sisi tumebaki nyuma ya kamba, tunasikia kila neno. Alizipokea pasipoti, akamtazama Kalolaine kama hajawahi kumwona maishani.

"Jina lako kamili?"

Akalitaja. Viliami aliinua ukurasa kwenye taa, akakwaruza lile doa la jalada kwa kucha, akaweka kitabu kwenye mashine. Mashine ikakawia. Fifita alinibana mkono mpaka nikajua mifupa yake yote. Kisha mashine ikalia, naye akapiga muhuri.

"Kwani hutujui?" Sela akamwuliza, ameshangaa.

"Leo siwajui mpaka kitabu kiniambie. Na huyu uliyembeba, ana chake?"

Sela akamwinua mwanasesere. Viliami akakishika kile kijikaratasi kilichoning'inia kwa uzi, akakifungua, akaulinganisha mchoro na uso, kwa umakini ule ule. "Apite," akasema.

Kwenye ukaguzi wa mizigo Kalolaine aliambiwa avue ule mkoba wa shingoni auweke kwenye trei. Fifita kutoka nyuma ya kamba akapaza sauti asiuvue, akiuvua atajuta. Mkaguzi, mama mtu mzima, alimjibu kwamba bibi asiwe na hofu, unapita kwenye mashine na kutokea upande wa pili kama mtoto anavyotoka kuoga. Kalolaine alipita huku macho hayaachi ile trei. Akauokota, akauvaa, akatupungia. Safari hii ndege iliporuka hatukuuliza ni ya nani.

Sela alipasuliwa Ijumaa. Wiki saba baadaye alirudi, na Jumapili iliyofuata alipanda ngazi tatu za kanisa bila kusimama, akageuka akatungojea sisi wazee juu, mikono kiunoni. Siosaia alimwona kupitia simu, na nasikia huko shambani wenzake walidhani amefiwa, jinsi alivyolia.

Funzo

Ndugu zangu, sisemi tuache kutoa. Msiba usio na mikono ya watu ni msiba mkavu, na mimi nitaendelea kubeba ngatu mpaka mgongo ukatae. Ninachosema ni kwamba tutoe kilicho chetu, tena kwa ajili ya aliyefiwa. Fifita hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu asipitwe, na tamaa ndogo ya kusifiwa siku moja nusura itugharimu mtoto.

Pasipoti ni mali ya mwenye sura iliyomo, na haina mahali pa kuchanganywa na mali ya kugawa. Iwe na makao yake, na nyumba nzima iyajue. Wiki mbili kabla ya safari ifungueni, itazameni tarehe, itazameni picha. Mkifika pale mlangoni na kijana mnayemjua akawaomba, mpeni bila kununa. Anakuuliza wewe leo ili kesho asimpitishe mtu mwingine kwa jina lako. Pisila, ambaye kisiwa kizima kinamjua, alitoa kadi yake ndani ya leso, wala hakupungukiwa na kitu.

Na la mwisho ni langu mwenyewe, nalisema kwa sababu bado linaniuma. Siku mkono wako utakapogusa kitu kigumu ndani ya ngatu ya mwenzako, simama. Simamisha msafara wote, ikunjueni pale pale, na watu mia mbili wawatazame wanavyotaka.